Paka haishi kwa ugali: majibu ya barua zenu

Mwezi huu barua karibu zote zimekuwa za paka, na nyingi zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti, yani huyu kiumbe nimpe nini kila siku ambacho mfuko wangu unakiweza. Nimechagua tano. Ambaye barua yake haipo asome ya kwanza kwa makini, jibu lake limo humo.

Shikamoo mama. Niko Ujiji, nina paka dume anaitwa Simba ana miaka mitatu. Tangu mdogo tunampa ugali wa muhogo na mchuzi wa dagaa uliobaki, anakula mpaka tumbo linakuwa kama mpira. Ila sasa hivi mgongo umebaki mifupa, ukimshika manyoya yanabaki mkononi na mchana kutwa analala tu. Mume wangu anasema paka akizoeshwa vitu vizuri hatakamata panya. Hela ya nyama kila siku hatuna. Nifanyeje? (Mama wa watoto wanne, Ujiji)

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa kueleza vizuri. Hapo uliposema tumbo kama mpira na mgongo mifupa ndio penyewe. Simba anashiba ila chakula chake hajakila. Sisi mtu akila ugali na mboga kidogo anaamka asubuhi anashika jembe, mwili wetu unaujua unga, ila paka ni mla nyama kuanzia meno mpaka utumbo, hebu siku moja mfunue mdomo uangalie, hana jino hata moja la kusaga kama magego yetu, yote ni ya kuchoma na kukata. Ukimjaza muhogo umemtuliza njaa mpaka jioni basi.

Kuna kitu kinaitwa taurini. Kipo kwenye nyama, samaki, dagaa, na kwenye moyo wa mnyama ndio kimejaa, ila kwenye mahindi hakipo, kwenye muhogo hakipo, kwenye mchicha hakipo. Mimi na wewe miili yetu inajitengenezea, paka mwili wake hauwezi kutengeneza ya kumtosha kwahiyo ni lazima aile. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka wakilishwa chakula kisicho na taurini macho yanaharibika kwa ndani, halafu mwaka 1987 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Davis wakagundua kwamba hata moyo unalegea na kutanuka mpaka unashindwa kusukuma damu. Na hao paka wa 1987 walikuwa wanakula chakula cha kutengenezwa kiwandani, sio ugali! Baada ya hapo ndio viwanda vikaanza kuongeza taurini ya kutosha.

Haya siyaongei kwa kusoma tu. Nilikuwa na paka jike mweupe, nikamlea kwa ugali na mchuzi kama wewe, miaka mingi, na niliamini nampenda. Siku moja saa saba mchana, jua la Kigoma unalijua, kakaa kwenye kibaraza ananiangalia na mboni za macho zimefunguka zote nyeusi pi kama usiku wa manane, wakati paka juani mboni inatakiwa ibane iwe kama uzi. Nikapitisha mkono mbele ya uso wake, kimya. Akanyanyuka kuja kwangu akaligonga kigoda ambacho kilikuwa palepale siku zote. Bwana mifugo alimmulika na tochi akaniuliza swali moja tu, anakula nini huyu. Macho yakishaharibika hivyo hayarudi mwanangu, moyo ukiwahiwa unaweza kupona ila macho hapana, na mpaka anakufa nilikuwa nampigia sahani kwa kijiko ili ajue chakula kipo upande gani. Ndio maana nikiona barua kama yako naijibu kwanza.

Sasa habari njema ni kwamba upo Ujiji, dagaa wapo mlangoni, na wala huhitaji wale wazuri wa kichanja wanaong'aa, hao kuleni nyie. Muulize mama wa genge akuuzie chenga, wale waliovunjikavunjika chini ya gunia, bei yake iko chini sana na kwa paka ni walewale. Chukua kiganja kimoja kilichojaa, hicho kinamtosha paka wa kilo tatu nne kwa siku nzima. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika kumi, kisha wasugue taratibu kwa vidole, utaona mchanga unashuka wenyewe unatulia chini ya bakuli. Wapakue kwa mkono, usimimine, ukimimina mchanga wote unarudi juu na kazi yako imekuwa bure. Rudia maji mara ya pili, na kama ni wale wa kuanikwa mchangani rudia hata ya tatu mpaka ukipitisha kidole chini ya bakuli husikii chembe. Weka kwenye sufuria maji ya kuwafunika tu, chemsha robo saa, basi. Hakuna chumvi, hakuna nyanya, hakuna pilipili, mawese pia acha maana yatamharisha, na kitunguu ndio kabisa usithubutu, nitakieleza chini. Na ile supu usiimwage, taurini inayeyuka kwenye maji, ukimwaga supu umemwaga nusu ya ulichokuwa unakitafuta.

Ukitaka kuongeza ugali kidogo ili ijae sahani ongeza, ila iwe vijiko vinne vya dagaa na supu yao kwa kijiko kimoja cha ugali, ulivyokuwa unafanya ni kinyume chake. Mpe asubuhi nusu na jioni nusu. Siku mbili kwa wiki mbadilishie, yai la kuchemsha, au utumbo na firigisi za kuku siku mkichinja, maana samaki peke yake mwaka mzima nao sio mzuri. Asizoee ghafla, changanya kidogokidogo kwa wiki nzima.

Na mume wako mwambie kwa heshima kwamba hilo la panya sivyo lilivyo. Paka hawindi kwa sababu ya njaa tu, kuwinda kumo kwenye damu yake, mwenye shibe anawinda vizuri tena ana nguvu za kukimbia na macho ya kuonea usiku. Huyu mliyemlaza na muhogo ndio hatamkamata panya. Ila kama nyumba ya jirani wanaweka sumu ya panya ongeeni nao, paka akila panya aliyekula sumu naye anaweza kuondoka.

Manyoya kutoka na kukonda kunaweza pia kuwa minyoo au viroboto, kwahiyo mpeleke kwa bwana mifugo ampime na ampe dawa ya minyoo kwa uzito wake. Mkifanya vyote viwili, ndani ya miezi miwili mitatu utaona manyoya mapya.

Dada habari, mimi niko Tabora mjini, huku dagaa tunaletewa na treni kutoka kwenu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi walipanda bei nikashindwa, nikahamia kwenye mapupu ya ng'ombe ya buchani na mpaka leo paka wangu nampa hayohayo tu. Anayapenda sana. Shida ni kwamba ana watoto wawili na mmoja anatembea kama miguu ya nyuma haina nguvu. (Fundi seremala, Tabora)

Nzuri kaka yangu. Ile miezi mitatu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti hata sisi wa ziwani tuliisikia, ila dagaa na migebuka lazima wapewe nafasi ya kuzaliana la sivyo hatutabaki na kitu, kwahiyo tuliopenda samaki tukajifunza vingine na umefanya vizuri kuhamia buchani kuliko kwenye unga.

Mapupu sio sumu, ni chakula, tatizo ni neno lako "tu". Pafu limejaa hewa na maji, anakula bakuli zima linampa kidogo, na nyama yoyote tupu iwe pafu iwe steki haina kalsiamu ya kutosha. Paka wa porini anakula panya mzima na mifupa yake, mlaji dagaa naye anatafuna na mifupa midogo laini, wewe umempa nyama bila mfupa. Mama yake anavumilia ila mtoto anayekua mifupa inakuwa laini, inajipinda, wakati mwingine inavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Huyo wa miguu ya nyuma mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii usisubiri, na mpaka mtakapofika huko msimruhusu kurukaruka juu ya mbao zako.

Buchani muombe akuchanganyie: moyo uwe mwingi kuliko vyote maana ndio wenye taurini, bei yake naijua ni chini ya steki, mapupu kidogo, na ini dogo sana kama ukubwa wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki zinatosha. Ini ni zuri kwa vitamini A, na paka karoti haimsaidii kwa hilo maana hawezi kuigeuza kuwa vitamini A kama sisi, ila ini likiwa la kila siku vitamini inazidi na mifupa ya shingo inaanza kushikana, paka anashindwa hata kugeuka kujiramba. Nimeshaona paka mmoja wa hivyo, mwenye paka alikuwa muuza ini na alikuwa anampa kwa mapenzi.

Kwa kalsiamu tumia maganda ya mayai. Yaoshe, yachemshe, yaanike juani yakauke kabisa, kisha twanga kwenye kinu au saga kwa chupa mpaka iwe unga laini kama wa sembe, ukiusugua kwa vidole usichome. Nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama. Mifupa ya kupikwa usimpe hasa ya kuku, ikishaiva inapasuka kama vijiti na inatoboa utumbo.

Na huyo mama anayenyonyesha mpe mara mbili ya kawaida, hata akimaliza akadai tena mpe. Watoto wakifika wiki nne waanzishie moyo wa kusagwa uliolainishwa na supu, mara nne kwa siku kidogokidogo.

Shikamoo. Niko darasa la sita, Kasulu. Paka wangu nampa maziwa ya ng'ombe kila asubuhi lakini anaharisha, na nikimpa chai ya maziwa yenye sukari anaiacha. Kwa nini? (Mwanafunzi, Kasulu)

Marahaba mjukuu wangu, umeuliza vitu viwili na vyote nimevipenda. Paka akiwa mdogo ananyonya kwa mama yake na tumbo lake linaisaga ile sukari ya maziwa, akikua uwezo huo unapungua sana, kwahiyo maziwa yanafika kwenye utumbo mkubwa hayajasagwa yanachachuka huko ndio anaharisha. Hajalaaniwa wala hana ugonjwa, mwachishe tu. Mpe maji safi kwenye bakuli pana, weka mbali kidogo na chakula chake, badilisha kila siku. Maziwa kunywa wewe, bado unakua.

Na sukari anaiacha kwa sababu haisikii! Ulimi wa paka hauna uwezo wa kuonja utamu, watafiti walishaeleza tangu 2005 kwamba ile jeni, yani chembe ya urithi, ya kuonja sukari kwa paka imekufa. Hata umletee asali ya Tabora iliyorinwa leo asubuhi kwake ni kitu cha kunata tu. Cha kwake ni harufu ya nyama, ndio maana chakula kikiwa cha vuguvugu anakikimbilia kuliko kikiwa baridi.

Mambo dada, nipo Mwanga hapa Kigoma. Nimeanza kununua chakula cha paka cha pakiti zile punje kavu, kuna duka wanapima kwenye gunia lililofunguliwa bei nafuu, na siku kikiisha nampa cha mbwa maana zinafanana. Ni sawa? Halafu tangu nianze naona anaenda kukojoa mara nyingi sana na hatoi kitu. (Kijana wa ofisini, Mwanga)

Mdogo wangu naanza na mwisho wa barua yako maana hilo haliwezi kusubiri. Kama ni dume na anachuchumaa anajikaza anatoa tone au hatoi kabisa, analia, anajiramba huko chini, hiyo ni dharura ya leo hii, sio kesho. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, ikiziba sumu inarudi kwenye damu na ndani ya siku mbili tatu anaweza kufa. Funga hata ofisi umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Chakula kikavu chenyewe sio kibaya, ila paka asili yake ni mnyama wa nchi kavu za jangwa, kiu yake ni ndogo, amezoea maji anayopata ndani ya nyama. Panya ana maji zaidi ya nusu ya mwili wake, hizo punje zina maji kama asilimia kumi. Kwahiyo ukimlisha hizo tu bila maji mkojo unakuwa mzito. Zimwagie maji ya vuguvugu ziwe laini au supu ya dagaa isiyo na chumvi, na weka bakuli za maji sehemu mbili tatu ndani.

Kuhusu gunia lililo wazi mimi nakushauri acha. Mafuta yaliyomo yanachacha kwa joto na hewa, hujui limefunguliwa lini, na huna pa kusoma kilichoandikwa. Nunua pakiti ndogo iliyofungwa, angalia kitu cha kwanza kwenye orodha kiwe nyama au samaki na sio mahindi, protini isipungue asilimia 26 kwa paka mkubwa na 30 kwa mdogo, taurini iwe imeandikwa, na tarehe ya kuisha. Ukikuta mfuko wa bei kubwa una picha ya paka mzuri na mahindi yamo namba moja, hiyo hela kanunue moyo wa ng'ombe.

Cha mbwa kwa siku moja hakimuui. Kwa kuzoea ndio unarudi kulekule kwenye macho na moyo niliyomwandikia mama wa Ujiji, mbwa kwa kawaida anajitengenezea taurini mwenyewe kwahiyo chakula chake hakilazimiki kuwa nayo.

Habari mama. Mimi mvuvi, Kibirizi. Pale mwaloni tunaposhusha samaki tuna paka wanakula dagaa wabichi tukitoka usiku, wamenenepa. Nimemchukua mmoja nyumbani nampa wabichi pia, na mke wangu anamuongezea mchuzi wetu. Juzi nimemuona anayumba, kichwa kinainamia kifuani. Kuna mtu kasema nimpe panadoli nusu. (Mvuvi, Kibirizi)

Nzuri baba, pole sana, na hiyo panadoli naomba uiweke mbali kabisa. Paka ini lake haliwezi kuivunja ile dawa, nusu kidonge tu inaweza kumuua, damu yake inashindwa kubeba hewa na fizi zinageuka rangi ya udongo. Usimpe dawa yoyote ya binadamu.

Samaki wengi wadogo wa jamii ya dagaa wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Kwa siku moja moja hakuna neno, na hao wa mwaloni wanaokota hiki na kile, panya, utumbo wa mgebuka, mjusi, kwahiyo wanajisawazisha wenyewe. Wa kwako amefungiwa chakula kimoja. B1 ikiisha paka anaanza kukataa kula, anayumba kama mtu wa kwenye boti siku ya mawimbi, shingo inaangukia kifuani kama ulivyomuona, baadaye degedege. Ukichemsha hao dagaa kile kitu kinakufa, robo saa inatosha, tena moto mnao palepale.

Na mchuzi mwambie mama asiumimine tena. Kitunguu maji na kitunguu saumu vyote vinavunja chembe nyekundu za damu ya paka, kibichi, cha kukaanga, cha unga, vyote, na vikishaingia kwenye mchuzi huwezi kuvitoa kwa kuchuja. Amtolee fungu lake mapema, wakati dagaa wameshachemka na kitunguu bado kiko kwenye kibao hakijakatwa.

Huyo mpeleke leo kwa bwana mifugo, mwambie amekuwa akila dagaa wabichi tupu na umeona kichwa kinainama, halafu mtajie na mchuzi wenye kitunguu, usifiche chochote. Kama ni B1 atapigwa sindano yake, na ikiwahiwa paka anaweza kuanza kunyanyua kichwa siku ya pili tu. Mkiwa njiani mweke kwenye tenga lenye nguo chini, na juani msimpitishe.